Tulifunga Mlango Tumwombee Mjomba

Tangu nirudi Gitega sijapita sokoni bila mmoja wenu kunisimamisha. Mama Furaha alimwacha mteja na kitenge mkononi akaja kunishika bega. Swali ni lile lile: je, alikubali? Kila mara nimejibu kwamba nitaeleza, kisha nikaondoka haraka kama mtu aliyeacha sufuria motoni. Siwafichi kitu. Ni kwamba jibu la swali hilo nikilitoa njiani kwa neno moja linakuwa uongo, liwe ndiyo au hapana. Kwa hiyo nimekaa nikaandika safari yote. Mjomba aliongea Kirundi mpaka mwisho. Maneno yake nimeyaleta kwa Kiswahili ili wenzetu waliotoka Uvira na Fizi, kule Kongo, wayasome bila kumwuliza mtu.

Kutumwa

Mnaikumbuka Jumanne ile. Habari ilifika kwamba Mjomba Severini, kaka yake mama, amerudishwa nyumbani kwake Butihinda kutoka hospitali, tumbo limejaa maji, na madaktari hawana la kuongeza. Kikundi chetu kilikuwa kimeomba wokovu wake kwa miaka mingi. Kila Alhamisi jina lake lilitajwa baada ya wagonjwa na kabla ya serikali, na aliyelitaja siku zote ni mama.

Mkaanza kubishana. Baba Elia, mzee wetu wa maombi, alisema moyo mgumu hufunguliwa kwa magoti, wala si kwa hotuba. Mama Furaha akamjibu, "Baba, maombi tumeomba mpaka magoti imechoka. Sasa inabaki kinywa. Mutu ataokoka namna gani kama hakuna mwenye amemwambia?" Mkaona yote mawili yana ukweli, mkaamua kufanya yote mawili: kikundi kijifungie katika chumba cha maombi kuanzia Alhamisi mpaka Jumamosi asubuhi, na mtu mmoja aende Butihinda kusema.

Mtu huyo alipaswa kuwa mama. Ni ndugu yake. Lakini mama ndiye kiongozi wa maombi, akasema atamsaidia kaka yake zaidi akiwa magotini kuliko akiwa barabarani. Macho yote yakanigeukia mimi.

"We ulisoma," Mama Furaha akasema. "Utajua kuongea."

Nilisomea takwimu. Tangu nimalize chuo kazi yangu ni kungoja kazi. Lakini sikusema hapana, kwa sababu nilianza kuwaza mtanionaje nikisema hapana, na nilipomaliza kuwaza mlikuwa mmeshanishukuru.

Gitega hadi Karuzi

Niliondoka Jumatano kwa Probox ya abiria, nikiwa na Biblia, shuka na mswaki. Njia nzima nilikuwa natunga maneno. Nianze na dhambi au nianze na upendo? Nikianza na upendo anaweza kusinzia kabla sijafika kwenye dhambi. Nikianza na dhambi atauliza mtoto huyu ametumwa na nani. Kisha nikawaza jambo baya zaidi: kama Mungu ameshayajibu maombi yenu, mimi naenda kufanya nini? Na kama hajayajibu kwa miaka yote hiyo, mimi ni nani nimalize kwa asubuhi moja? Na nikichelewa, akafa kabla sijasema, hilo litaandikwa kwangu, kwa dereva, au kwa aliyeficha mafuta?

Maana mafuta yalikuwa haba nchi nzima, na yetu yalitukatikia Karuzi. Dereva alizima gari, akatutazama kwenye kioo, akasema kwa upole kwamba atakayetaka kuendelea aendelee na Mungu, yeye anabaki na foleni.

Tulikaa kwenye ukuta mfupi karibu na kituo cha mafuta mpaka jua likageuka. Karibu yangu alikaa mwanamke mwenye ushungi na furushi la vitambaa, fundi cherehani wa Muyinga mjini, jina lake Zaituni. Aliniangalia muda mrefu. Mimi nilikuwa narudia mahubiri kimyakimya, midomo ikitikisika, na nadhani machozi yalikuwa karibu. Mwishowe akasogea, akanishika mkono, akaanza kunipa pole ya msiba: Mungu ampumzishe, sote tutapita njia hiyo, asubuhi haikosi kufika. Nilimwacha aendelee, maana ilikuwa pole nzuri sana na sikujua pa kumkatizia. Alipouliza marehemu ni nani wangu, ikabidi niseme hakuna aliyekufa. Nikamweleza habari ya mjomba, na kwamba naenda kumhubiria.

Zaituni aliutazama mfuko wangu. "Unakwenda kwa mgonjwa. Umembebea nini?"

Nikasema nimembebea Neno.

"Na la kutafuna?"

Sikuwa na kitu. Marafiki, hakuna hata mmoja kati yetu aliyefikiria jambo hilo. Tulikuwa tumemwagia mkoba wangu mafuta ya upako, na ndani hamkuwa na hata ndizi moja. "Mkono mtupu haulambwi, mdogo wangu," alisema, lakini alisema akicheka. Akaniinua twende sokoni, tukatafuta maparachichi laini na unga wa mtama wa uji.

Karuzi hadi Muyinga

Lori la vitunguu ndilo lililotutoa pale. Zaituni alimjua dereva, akamwambia mimi ni mdogo wake. Dereva alituangalia, mmoja na ushungi, mwingine na Biblia kifuani, akasema familia hiyo lazima ina sikukuu nyingi.

Tuliingia Muyinga giza likishuka. Zaituni hakutaka kusikia habari ya nyumba ya wageni. Nyumbani kwao, mumewe, Mzee Juma, seremala, alinipa maji ya kunawa, na nilipokaa nikawa nafanya hesabu zangu za kawaida: niwashuhudie hawa au nisiwashuhudie? Nikinyamaza nitakuwa nimemwonea haya Bwana. Nikisema nitakuwa nimewavunjia heshima chini ya dari yao. Nadhani iliandikwa usoni, kwa sababu Mzee Juma aliniwekea sahani ya wali, maharagwe na ndagala, akasema, "Kula kwanza, binti. Kuhubiri hakuozi, samaki anaoza."

Nikala. Ndagala walikuwa wamekaangwa na pilipili nyingi na nilikula kuliko nilivyotaka waone. Asubuhi Zaituni alinipa namba yake ya simu, nami nikampa yangu, akaniambia nimjulishe hali ya mgonjwa. Alinitafutia mtu wa pikipiki mwenye mafuta, yale yanayovuka mpaka kutoka Tanzania kwenye madumu.

Butihinda

Nilifika Alhamisi, wakati ninyi mnaingia chumbani. Mara ya mwisho kuingia ua ule nilikuwa mtoto, tumetoka tu kambini Tanzania, na nyumba ilionekana kubwa. Mke wa mjomba, Mama Dativa, alinikumbatia muda mrefu, kisha akaangalia nyuma yangu barabarani.

"Uko peke yako?"

Nikasema ndiyo. Akachukua maparachichi, akayabusu, akayaingiza ndani.

Mjomba alikuwa amelala. Mwili wote ulikuwa umekwisha isipokuwa tumbo. Nilimsubiri kando ya kitanda siku nzima na hakuamka ila kunywa uji vijiko vichache, amefumba macho. Mama Dativa alikuwa anachambua maharagwe mlangoni, na bila mimi kumwuliza akaanza kusimulia siku tuliyorudi kutoka uhamishoni. Baadhi yenu hamjui kisa hicho, maana mama hakisimulii.

Vita vilipoanza, mjomba ndiye aliyemsindikiza mama usiku hadi mpakani, akamvusha, kisha akarudi kukaa na wazazi wao. Miaka yote tuliyokuwa kambini alilima. Tuliporudi alipika pombe ya mtama, akaita kilima kizima. Kule kwetu chungu huwekwa katikati, mirija inachomekwa, na anayerudi nyumbani ndiye anayeanza kuvuta. Hata asiyekunywa hugusa mrija kwa midomo, basi, amesema mimi ni wenu. Mama alikuwa ameokoka kambini. Aliushika mrija, akaurudisha chunguni mbele ya watu wote, akasimama akawahubiria hatari ya pombe. Kisha akamwambia kaka yake kwamba ataingia tena nyumba hii siku atakayosikia kwamba yeye ameokoka.

"Alimaanisha," Mama Dativa alisema, akipepeta. "Hakurudi."

Hakusema kwa hasira. Nilitaka kumtetea mama, nikasema lakini amemwombea kila juma. Mama Dativa akasema wanajua. Watu wanaotoka Gitega huwaambia.

Ijumaa

Asubuhi mjomba aliamka na akili zake zote. Alinitazama akaniita kwa jina la mama. Nilipomrekebisha alitabasamu, akaomba parachichi.

Nilijua saa yangu imefika. Kila nilichokitunga kilinitoka. Nilianza na upendo, nikarukia dhambi, nikarudi kwenye upendo, nikasahau msalaba kabisa, nikauleta mwishoni kama mtu anayekumbuka chumvi. Nadhani nilisema "yaani" kuliko nilivyosema "Yesu". Mjomba alisikiliza yote bila kuondoa macho usoni pangu. Nilipomaliza nilikuwa nimelowa jasho.

"Umesema vizuri," alisema. "Nani amekufundisha?"

"Mama."

"Basi mbona hakuja kusema yeye?"

Nikamweleza juu yenu: kwamba wakati huo huo watu wengi wamejifungia bila kula, wakimwombea yeye, na mama yuko mbele yao.

Alifumba macho, nikafikiri amesinzia. Kisha akasema, "Ananiombea. Miaka yote anampelekea Mungu habari zangu. Habari gani? Hajui hata kwamba meno yangu yamekwisha." Akapumzika kidogo. "Bado anaogopa radi?"

Nilicheka, kwa sababu mnamjua mama, anayekemea mapepo mpaka mabati yanatikisika. Lakini radi ikipiga hujifunika shuka kichwani. Nikasema bado. Mjomba naye akacheka, ikamwuma, akashika tumbo.

"Mpigie," akasema. "Maneno hayo si mabaya. Akiniambia yeye, nitamjibu yeye."

Nilitoka mbio kupanda mpaka kwenye mikaratusi, ambako simu inashika mtandao. Nikampigia mama. Haipatikani. Nikampigia Mama Furaha. Haipatikani. Baba Elia, kijana wa gitaa, wote. Ndipo nikakumbuka kapu. Kwa wasiosali nasi: tunapojifungia, simu zote huzimwa na kuwekwa kwenye kapu nje ya chumba cha maombi, ili dunia isiingie.

Nilisimama pale nikijaribu kuwaza kama mtu aliyesoma. Sikuwa na namba ya jirani yeyote. Nilirudi ndani, mjomba akauliza, "Amepatikana?" Nikasema bado. Nikapanda tena. Nikashuka. Aliuliza tena, na kila mara sauti ilikuwa ndogo zaidi, na kila mara Mama Dativa alinitazama mikono badala ya uso, kana kwamba mama angeweza kuwa humo.

Mwishowe nikampigia Zaituni. Sikumaliza hata sentensi. Alisema ana mdogo wake, Hamisi, anashona Gitega, mtaa wa Waswahili, si mbali na chumba chenu. Atamtuma sasa hivi agonge mlango. Nilikaa chini ya miti, nikaomba. Naandika hivi kwa sababu ni kweli: niliomba Mungu ayakatize maombi yenu, na hata wakati naomba nilijiuliza kama ombi la namna hiyo linaruhusiwa.

Zaituni alipiga alasiri. Alizungumza taratibu, kama pale Karuzi aliponipa pole.

"Mdogo wangu, Hamisi amegonga. Wameimba. Amegonga tena, wameimba kwa nguvu. Akaenda dirishani akaita jina la mama yako, akasema kaka yake anamtaka. Mtu ndani akajibu kwamba hata adui anajua majina yetu. Wakamkemea. Amekaa pale sana. Amesema nikufikishie ujumbe kwamba yeye si adui, ni fundi."

Sijui ni nani kati yenu aliyejibu, na nawasihi msiniambie. Ningekuwa ndani ningefanya vivyo hivyo. Ndivyo tulivyofundishana: siku ya kujifungia, anayegonga ametumwa kututoa magotini.

Nilirudi kwa mjomba. Hakuuliza tena. Nilipiga magoti nikamshika mkono, nikamwambia mama anakuja, nikijua sivyo, kisha nikaomba kwa sauti, maneno mafupi, ya mtoto. Nilipomaliza alisema, "Amina." Aliisema kama mtu anayejibu salamu. Nimeigeuza amina hiyo mara nyingi sana kichwani. Ilikuwa ya kukubali, au ya adabu? Alikuwa mtu wa adabu. Kwa maisha yake yote nadhani hakuacha kuitikia dua ya mtu.

Hakusema neno jingine. Alikata roho jioni, kuku wakiingia bandani, na Mama Dativa akamfumba macho kwa kidole kilichokuwa bado na vumbi la maharagwe.

Mama anafika

Jumamosi asubuhi simu yangu iliita. Sauti ya mama ilikuwa imekauka kwa kuimba na imejaa furaha. Mungu amewapa amani juu ya kaka yake, alisema. Wameona nuru, wote. Nimwambie amekubali saa ngapi.

Nikasema, "Mama, njoo."

Furaha ikazima.

Nilimjulisha Zaituni, na Mzee Juma ndiye aliyemtafutia mama gari kutoka Muyinga, na Zaituni akaja naye, amebeba sufuria ya wali kwa ajili ya wafiwa. Mama aliingia ua ule akiwa bado na kilemba cheupe cha maombi. Watu wakampisha. Akakaa kwenye mkeka kando ya kaka yake, akamfunua uso, akautazama mdomo ule usio na meno.

Kisha akaanza kumwambia. Mnajua jinsi mama anavyohubiri Alhamisi, hakuhubiri hivyo. Alisema polepole, Kirundi cha nyumbani, kuanzia mwanzo: jinsi alivyokutana na Yesu kambini, alivyokuwa na hofu, jinsi kila usiku alivyofikiria kurudi kumwambia yeye kwanza. Alimweleza dhambi na msalaba na neema, hakuruka kitu. Alisema vizuri kuliko nilivyowahi kumsikia. Nyumba ilikuwa imejaa watu wa kilima chote, wengi wao wale wale waliokuwa wamezunguka chungu siku ile, na hakuna aliyekohoa. Alipomaliza aliendelea kumtazama, kama mtu anayengoja zamu ya mwenzake kusema.

Alingoja muda mrefu. Zaituni ndiye aliyekwenda kukaa karibu yake.

Tulizika Jumapili. Jioni, wageni walipopungua, mama alikuwa anakunja shuka zake na mimi natafuta pikipiki. Mama Dativa alikuja akasimama mlangoni.

"Na mimi mnaniombea?" akauliza.

"Kila Alhamisi," mama akajibu. "Baada ya yeye, wewe."

"Mnasema nini?"

Mama aliikunjua shuka aliyokwisha kuikunja. Nilimwona akitafuta. Hakujua mwanamke huyu anaumwa wapi, analala na nini moyoni, au anaogopa nini sasa nyumba imekuwa tupu. Alijua jina lake tu.

"Kaa, basi," Mama Dativa akamwambia. "Kaa mpaka ujue."

Mama aliziweka shuka chini.

Mmeniuliza kama alikubali. Nimewaambia yote niliyoyaona. Nimerudi peke yangu, na wale wanaouliza nani ataongoza Alhamisi ijayo, tafuteni mwingine. Hamisi yuko kwenye cherehani yake pale mtaani, kila siku, mlango wazi. Mimi nimeshakwenda kumwomba radhi, naye akaniuliza kama na ninyi mtakuja.